Okular, SumatraPDF, qpdfview au Acrobat Reader: ipi ikufae kwa vichupo na vidokezo

Anayefungua PDF moja kwa wiki, tena ankara au tiketi ya basi, atosheke na programu yoyote iliyokuja na kompyuta yake. Ulinganisho huu ni wa yule mwenye tasnifu ya kurasa 180 mbele yake, makala kumi na mbili za rejea, ripoti mbili na sheria moja, anayetaka zote ziwe wazi kwa pamoja ili kila moja aipake rangi, aipigie mistari na kuandika pembeni. Kwake yeye mambo mawili ndiyo yanayoamua. La kwanza ni vichupo, yaani kufungua faili nyingi ndani ya dirisha moja kama kwenye kivinjari. La pili ni vidokezo: rangi ya kuangazia maneno, mistari, maandishi ya pembeni na vile vibandiko vya maoni vinavyofunguka ukivibofya.

Wengi huanza kuchagua kwa kuangalia vichupo kwa sababu ndivyo vinavyoonekana mara programu inapofunguka. Ushauri wetu ni kuanza na vidokezo. Kichupo kilichofungwa kwa bahati mbaya hurudi kwa sekunde mbili, lakini kidokezo kilichopotea hakirudi, na mara nyingi mtu hugundua kimepotea siku anayokihitaji, wakati kompyuta ya zamani imeshafutwa au faili imeshatumwa kwa msimamizi.

Kidokezo chako kinakaa wapi?

Muundo wa PDF ulibuniwa na Adobe mwaka 1993 na ukawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000, mwaka 2008. Kiwango hicho kinaeleza kidokezo ni kitu gani: ni kitu kinachojitegemea ndani ya faili, kikiwa na mahali pake kwenye ukurasa, rangi, jina la mwandishi na tarehe, bila kugusa maandishi ya ukurasa wenyewe. Ndiyo maana unaweza kukifuta baadaye na ukurasa ukabaki kama ulivyokuwa. Programu inayofuata kiwango huandika kidokezo ndani ya faili, na programu nyingine yoyote inayofuata kiwango itakionyesha.

Si zote zilizofanya hivyo siku zote. Okular za kabla ya mwisho wa 2017 zilikuwa na desturi ya kuweka vidokezo pembeni, katika folda iliyofichika ~/.local/share/okular/docdata. Mtumiaji alipaka rangi kurasa mia, akanakili PDF kwenye flashi, akaifungua kwenye kompyuta nyingine na kukuta kurasa nyeupe kabisa. Toleo la 17.12 liliondoa desturi hiyo: sasa unahifadhi ndani ya faili, na ukifunga bila kuhifadhi unaulizwa. Ukifungua faili yenye vidokezo vya enzi hizo kwenye kompyuta ileile, Okular ya sasa hutoa onyo kwamba data ilihifadhiwa kwa njia ya zamani na kukutaka uihifadhi upya. Usilifunge onyo hilo kwa haraka, hifadhi hapohapo.

Kwa upande wa Mac, Skim ina tabia inayofanana na hiyo hadi leo. Vidokezo vyake hukaa kwenye sifa za ziada za faili katika mfumo wa macOS, nje ya PDF yenyewe. Kwenye Mac yako vinaonekana vizuri, lakini ukituma faili kwa barua pepe vinabaki nyuma. Dawa yake ni kutumia Export na kuchagua PDF yenye vidokezo vilivyopachikwa ndani. Skim ni programu nzuri sana kwa usomaji wa kitaaluma. Anayeitumia alijue hili kabla ya kutuma kazi yake kwa mtu mwingine.

Jaribio la kuhakikisha halizidi dakika tano, na lifanywe kabla ya kuanza kazi kubwa, kwa nakala ya faili. Paka rangi sentensi moja, weka kibandiko kimoja chenye maneno matatu, andika neno moja juu ya ukurasa wenyewe. Hifadhi, funga programu. Fungua faili hiyohiyo kwa Firefox, ambayo karibu kila kompyuta inaweza kuwa nayo, kisha uitume kwenye simu na uifungue huko. Vyote vitatu vikionekana, vidokezo viko ndani ya faili. Kimoja kikikosekana, umeshajua ni aina gani ya kidokezo usiitegemee.

Kwa kutazama haraka

| Programu | Inaendeshwa kwenye | Vichupo | Vidokezo | Udhaifu wa kujua mapema |
|---|---|---|---|---|
| Okular | Linux, Windows | Ndiyo, baada ya kuviwasha | Aina nyingi, ndani ya PDF | Huja na maktaba nyingi za KDE (mradi huria unaoitengeneza) |
| SumatraPDF | Windows tu | Ndiyo, tangu mwanzo | Vya kutosha, kwa PDF pekee | Haijazi fomu |
| qpdfview | Linux hasa | Ndiyo, ndiyo kazi yake | Viwili tu: maandishi na rangi | Rangi hufuata mstatili, si maneno |
| Acrobat Reader | Windows, Mac, simu | Ndiyo | Vingi na vya uhakika | Nzito. Hujaa matangazo ya huduma za kulipia |
| PDF-XChange Editor | Windows tu | Ndiyo | Vingi kuliko zote hapa | Zana za kulipia huacha chapa kwenye kurasa |
| Firefox | Kote | Vya kivinjari | Vya msingi | Huhifadhi kama nakala mpya |

Kwenye Linux kuna pia Evince, programu ya kawaida ya kusomea PDF ya GNOME (mazingira ya dawati ya Linux) kwa miaka mingi. Inapaka rangi na kuweka vibandiko, lakini haina vichupo: kila faili ina dirisha lake. Kwa hiyo haimo katika mashindano haya, ingawa kwa faili moja moja haina tatizo.

Okular

Okular ilianza mwaka 2005 ikichukua nafasi ya KPDF, programu ya zamani ya KDE ya kusomea PDF, na mwaka 2022 ikawa programu ya kwanza ya kompyuta kupewa Blauer Engel, nembo ya mazingira ya Ujerumani, kwa sababu ya matumizi madogo ya nishati na uwazi wake kwa mtumiaji. Ni programu huria na haina toleo la kulipia. Kwa Windows hupatikana kwenye Microsoft Store.

Anayeiweka kwa mara ya kwanza hudhani haina vichupo, maana kila faili hufunguka kwenye dirisha jipya. Nenda Settings, kisha Configure Okular, na katika sehemu ya General weka tiki kwenye Open new files in tabs. Kuanzia hapo faili mpya zitaingia kwenye dirisha lililopo. Matoleo ya karibuni yana tiki nyingine chini yake ya kukurudisha kwenye kichupo kilichopo ikiwa faili imeshafunguliwa. Iweke pia. Faili moja ikiwa wazi mara mbili, ukaweka vidokezo kwenye kila dirisha, unajiwekea mtego: mabadiliko ya upande mmoja yatagongana na ya upande mwingine.

Kwa vidokezo, bonyeza F6. Upau wa zana hujitokeza ukiwa na kalamu ya rangi, mstari wa chini, mkato wa katikati, maandishi ya taipureta, kibandiko, maumbo na mihuri. Chagua kalamu, buruta kipanya juu ya maneno, rangi inashika mistari yenyewe. Kwa kawaida zana hujizima baada ya kutumika mara moja, jambo linalochosha kwenye kurasa nyingi. Bofya kitufe chenye picha ya pini ili zana ibaki hai. F7 huleta paneli ya kando, na humo kuna orodha ya vidokezo vyote, vinavyoweza kupangwa kwa ukurasa au kwa mwandishi. Hapo ndipo Okular inapomfaa mtu anayepitia kazi ya mwanafunzi: maoni 60 yanaonekana kwa mpigo mmoja, ukibofya moja unapelekwa mahali pake.

Kabla ya kuanza, ingia tena Configure Okular, sehemu ya Annotations, na uandike jina lako. Jina hilo huandikwa ndani ya kila kidokezo. Wasimamizi wawili wakipitia tasnifu moja bila kuweka majina, mwanafunzi hataweza kujua ni nani aliyesema "ondoa aya hii" na nani aliyesema ibaki.

Okular husoma pia EPUB na DjVu (miundo mingine ya vitabu na nyaraka) na vitabu vya katuni. Kwenye Debian na Ubuntu baadhi ya miundo hiyo inahitaji kifurushi cha pili, okular-extra-backends. Lakini kumbuka: kidokezo unachoweka kwenye EPUB hakina mahali pa kukaa ndani ya faili hiyo, hivyo Okular huhifadhi kila kitu kwenye kumbukumbu yake maalumu yenye kiishio .okular, inayofunguliwa na Okular peke yake. Kwa kazi ya kushirikiana, geuza kwanza iwe PDF.

Kama kompyuta ina RAM ya GB 4 au pungufu na umefungua faili nzito za picha, ingia sehemu ya Performance na uchague Low kwenye matumizi ya kumbukumbu. Kurasa zitachelewa kidogo kuchorwa unaporudi nyuma, lakini mashine haitakwama.

SumatraPDF

Ilianzishwa na Krzysztof Kowalczyk mwaka 2006 na imebaki na lengo lilelile: kufunguka mara moja. Ni programu huria, ya Windows pekee, ndogo mno ikilinganishwa na Acrobat Reader ambayo usakinishaji wake hula mamia ya megabaiti. Kuna toleo lisilohitaji kusakinishwa, unaloweza kuliweka kwenye flashi na kulifungulia kwenye kompyuta ya ofisi au ya maktaba usiyo na ruhusa ya kusakinisha kitu.

Vichupo vilikuja na toleo la 3.0 mwaka 2014 na viko wazi bila kuviwasha. Ctrl+Tab hukupeleka kwenye kichupo kinachofuata, Ctrl+Shift+T hurudisha ulichofunga kwa makosa. Ili dirisha lirudi na vichupo vyake unapoiwasha kesho, fungua Settings, kisha Advanced Options. Hapo litafunguka faili la maandishi, na mstari wa RestoreSession uwe true.

Vidokezo vya kweli vilichelewa. Toleo la 3.3 la mwaka 2021 ndilo lililoleta uwezo wa kuviongeza, kuvihariri na kuvifuta, kwa hiyo ukikuta 3.1 au 3.2 kwenye kompyuta, isasishe kwanza. Namna yake ni nyepesi: chagua maneno kwa kipanya, bonyeza herufi A, rangi imekwisha kuingia. Ukibonyeza Shift+A, rangi inaingia na dirisha la kuhariri linafunguka hapohapo, unaandika maelezo yako na kubadilisha rangi. Kinachosahauliwa ni hatua ya mwisho, Ctrl+Shift+S, inayoandika vidokezo ndani ya PDF iliyopo. Ifanye kila baada ya kurasa chache, hasa mahali ambapo umeme unakatika bila taarifa. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) haikuulizi kama unataka kuhifadhi.

SumatraPDF ina sifa nyingine inayowafaa waandishi: haifungii faili. Programu nyingine ikiandika upya PDF hiyo, kama afanyavyo mtu anayetumia LaTeX (mfumo wa kuandikia nyaraka unaozalisha PDF upya kila mara), Sumatra huipakia upya yenyewe. Acrobat Reader huishikilia faili, na programu inayotaka kuiandika upya hukataliwa hadi uifunge. Kwa upande wa pili, Sumatra si ya kujazia fomu wala kutia saini. Kwa vitabu na makala ni bora. Kwa makaratasi ya ofisi tafuta nyingine.

qpdfview

Hii ndiyo iliyojengwa kwa ajili ya vichupo tangu mwanzo, na watumiaji wa Lubuntu (aina nyepesi ya Linux) huikuta tayari kwenye mfumo. Ni nyepesi, inaendeshwa vizuri kwenye kompyuta mpakato za zamani, na kwa vichupo inazishinda zote zilizotajwa hapa. Ctrl+O hufungua faili katika kichupo ulichopo, Ctrl+T katika kichupo kipya. Usipozitofautisha utadhani inakufungia faili zako. Unaweza kufungua nakala ya faili hiyohiyo katika kichupo cha pili, ukasoma jedwali la ukurasa wa 90 huku maelezo yake ya ukurasa wa 12 yakiwa wazi. Unaweza kugawa kichupo kimoja kikaonyesha nyaraka mbili. Kwenye mipangilio, sehemu ya Behavior, kuna tiki ya kurudisha vichupo unapoiwasha tena. Weka tiki hiyo siku ya kwanza. Kutoka kwenye mstari wa amri, qpdfview --unique ikifuatiwa na jina la faili huifungua kwenye dirisha lililopo.

Kwa vidokezo, hapana, haishindani. Ina aina mbili tu, maandishi na rangi, na rangi yake huwekwa kwa kuburuta mstatili. Sentensi inayoanzia katikati ya mstari mmoja na kuishia katikati ya unaofuata haishikiki vizuri: ama mstatili utachukua maneno yasiyohusika, ama utaweka viwili. Kwa msomaji anayepaka rangi aya nzima si neno, inamtosha.

Acrobat Reader, PDF-XChange Editor na Foxit

Sababu ya kweli ya kuwa na Acrobat Reader ni moja: zipo nyaraka ambazo ni yenyewe tu inayozifungua sawasawa. Ukifungua fomu ukaona ukurasa mmoja ulioandikwa Please wait na haubadiliki kamwe, hiyo ni fomu ya XFA, teknolojia iliyoachwa katika PDF 2.0 lakini ambayo baadhi ya ofisi bado zinaitumia. SumatraPDF na Okular zitakuonyesha ukurasa huohuo wa kusubiri. Acrobat Reader itaijaza. Firefox nayo imezimudu nyingi tangu 2021.

Vidokezo vyake ni vya uhakika, na kwenye dirisha la kuchapisha kuna Summarize Comments, inayotoa orodha ya maoni yote pamoja na kurasa zake. Vichupo vinawashwa Edit, Preferences, General, kwenye tiki ya kufungua nyaraka kama vichupo katika dirisha moja, kisha uifunge na kuiwasha upya. Kwa Linux usihangaike: toleo la mwisho lilikuwa la 9, lililoachwa mwaka 2013, na kulisakinisha leo ni kufungua mlango wa hatari za usalama zisizozibwa.

PDF-XChange Editor, ya Windows, ndiyo yenye zana nyingi zaidi za vidokezo bila malipo. Hatari yake iko kwenye mpaka kati ya bure na kulipia. Kupaka rangi, kupiga mistari na kuweka vibandiko ni bure. Ukigusa zana ya leseni, kwa mfano kuhariri maandishi ya ukurasa wenyewe, faili unayohifadhi itatoka na chapa ya toleo la majaribio. Programu huziwekea alama zana hizo na kutoa onyo, lisome. Kama umeshahifadhi juu ya faili ya asili, nakala safi unaipata tu kama uliitunza mahali pengine.

Foxit iko katikati: ina vichupo na vidokezo vya kutosha, sura yake inafanana na ya Microsoft Word, na haina kinachoitofautisha mno na hizi mbili.

Kivinjari kinatosha?

Kwa dharura, ndiyo. Firefox iliongeza kuandika na kuchora kwenye PDF katika toleo la 106 la Oktoba 2022, na baadaye kuangazia maneno. Vichupo ni vya kivinjari, tayari unavijua. Tatizo ni uhifadhi: Firefox haiandiki juu ya faili ya asili bali hupakua nakala mpya. Baada ya siku tatu folda ya Downloads ina tasnifu(1), tasnifu(2) na tasnifu(5), na hakuna anayejua ipi ina maoni ya Jumanne. Ukiitumia, ipe nakala jina lenye tarehe kila mara na ufute iliyotangulia. Microsoft Edge nayo hupaka rangi na inaweza kuhifadhi ndani ya faili ileile, jambo zuri kwa mwenye Windows asiyetaka kusakinisha chochote.

Mwenye Mac ana Preview tayari. Chagua Merge All Windows kwenye menyu ya Window na faili zote zinakuwa vichupo. Ila Preview hujihifadhi yenyewe: rangi uliyoipaka kwa majaribio inaingia kwenye faili ya asili bila kukuuliza. Tumia Duplicate kabla ya kuanza.

Pale mambo yanapoharibika

Lalamiko la kwanza kabisa ni "kalamu ya rangi haishiki maneno." Karibu mara zote faili ni picha iliyoskaniwa. Jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya; lisipochagulika, hakuna maandishi hapo, kuna picha ya maandishi. Kubadilisha programu hakusaidii. Faili inatakiwa kutambuliwa maandishi kwanza, na habari njema ni kwamba Tesseract, injini huria ya kazi hiyo, ina data ya Kiswahili. Kwenye Ubuntu au Debian:

sudo apt install ocrmypdf tesseract-ocr-swa

ocrmypdf -l swa+eng --deskew --skip-text asili.pdf tayari.pdf

Hapo swa+eng ni kwa waraka wenye Kiswahili na Kiingereza pamoja, --deskew hunyoosha kurasa zilizoskaniwa zikiwa zimepinda, na --skip-text huruka kurasa ambazo tayari zina maandishi, kwani bila hiyo programu husimama na kulalamika ikikutana nazo. Skani ya chini ya nukta 300 kwa inchi itatoa makosa mengi. Kama karatasi bado unayo, ni nafuu kuiskani upya. Fanya kazi hii kabla ya kuweka vidokezo, si baada.

Lalamiko la pili ni la stesheneri. Umeweka maoni kwenye vibandiko, umepeleka faili kuchapishwa, karatasi zimetoka na vialama vidogo vya njano bila neno hata moja. Kibandiko huchapishwa kama ikoni tu. Maneno yake hukaa kwenye dirisha linalofunguka kwa kubofya, na karatasi haibofyeki. Maoni yanayokusudiwa karatasi yaandikwe kwa zana ya taipureta, moja kwa moja ukurasani. Kwenye Acrobat Reader hakikisha sehemu ya Comments & Forms iko Document and Markups, la sivyo hata rangi haitatoka. Njia salama kuliko zote ni kujichapishia mwenyewe kwenye PDF mpya, kwa Microsoft Print to PDF au Print to File ya Linux: vidokezo vinagandishwa kuwa sehemu ya ukurasa, na mashine yoyote itavitoa. Nakala iliyogandishwa haihaririki tena, hivyo tunza ya asili.

Waraka wenye saini ya kidijitali usiuwekee vidokezo kabisa, isipokuwa aliyetia saini ameruhusu maoni. Programu ya mpokeaji itasema waraka umebadilishwa baada ya kusainiwa, na utaanza kujieleza. Fanyia kazi nakala.

Kwa folda zinazosawazishwa na Google Drive au Dropbox, hifadhi na ufunge kichupo kabla ya kuhamia kompyuta nyingine. Okular ikigundua kuwa faili imebadilishwa na programu nyingine wakati una vidokezo usivyohifadhi, hukuonya. Hapo hifadhi kwa jina jipya, usilazimishe.

Na jambo dogo la vichupo: vikizidi kumi, majina hukatwa mkia. Faili inayoitwa "Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa wakulima wa mwani.pdf" itaonekana "Athari za m…" sawa na nyingine nne. Anza jina la faili na jina la ukoo la mwandishi na mwaka.

Basi uchague ipi

Mwenye Linux anayepitia kazi za watu au kuandika tasnifu, achukue Okular, bila kusita. Kama mashine ni ya zamani na anachohitaji zaidi ni kusoma faili nyingi kwa pamoja, qpdfview, huku Okular ikisubiri siku ya maoni mazito. Zote mbili zinaweza kukaa kwenye mfumo mmoja bila kugombana.

Kwenye Windows tungeweka SumatraPDF iwe ya kufungulia kila PDF, kwa wepesi wake, na kando yake programu ya pili ya kazi nzito: Okular kwa anayetaka programu huria, PDF-XChange Editor kwa anayehitaji zana nyingi na atakayeheshimu ule mpaka wa leseni. Acrobat Reader iingie pale tu ofisi unayoshughulika nayo inapotuma fomu zisizofunguka kwingine. Anayebadilisha kompyuta kila siku, leo maabara ya chuo, kesho ya rafiki, abebe SumatraPDF kwenye flashi pamoja na faili zake.

Kabla ya kuhama kutoka programu moja kwenda nyingine, jua kwamba vidokezo vilivyo ndani ya PDF vitakufuata, lakini alamisho hazitakufuata. Kurasa ulizoziwekea alama ya kurudi hukaa kwenye kompyuta, si kwenye faili: Okular huziweka ~/.local/share/okular/bookmarks.xml, na SumatraPDF iliyosakinishwa huweka vipendwa vyake kwenye SumatraPDF-settings.txt ndani ya %LOCALAPPDATA%\SumatraPDF. Nakili mafaili hayo mawili kwenye flashi kabla hujafuta mfumo, na kwa zile kurasa tatu au nne usizoweza kuzikosa, weka kibandiko ndani ya PDF yenyewe leo hii.